Karabini 22 na nyama wadogo: metri ngapi zinatosha

Katika vijiji vyetu vya kando ya karieri, toka Kipushi hata Kolwezi, kuna watu wenye karabini ndogo inayoitwa 22. Wanaipenda, nami siwalaumu. Kartushi yake ina urefu wa santimetri 2 na nusu tu, bei yake ni nafuu kuliko kartushi ya kaliba 12, haimpigi mtu begani, tena haipasui nyama vipande vipande. Kwa kanga wanaofukua mbegu za mahindi, kwa kwale, kwa sungura anayekula majani ya maharagwe, ni bunduki ya kufaa.

Lakini kuna neno moja ninalolisikia kila kijiji ninachofika kwa kazi yangu ya moniteri wa mashamba. Ukimwuliza mwenye karabini, “Wewe unampiga kanga kwa metri ngapi?” atakujibu, “Metri mia.” Hakuna anayesema thelathini. Hata kijana aliyeazima bunduki ya mjomba wake jana atasema mia. Neno hilo si uwongo wote, maana risasi inafika metri mia, inapita, inakwenda hata kilometri moja na zaidi. Ila kufika si kazi. Kazi ni kuingia mahali penye ukubwa wa yai la kuku, nyama akiwa hai, na wewe unahema kwa sababu ya kunyata.

Kabla ya kuendelea, niseme habari ya sheria, nayo ni fupi. Katika Kongo uwindaji uko chini ya sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Mwenye bunduki awe na kibali cha bunduki, na anayewinda awe na kibali cha kuwinda. Tena kuna majira yaliyofungwa, na kuna nyama waliokatazwa. Asiye na karatasi hizo aende kwanza kuuliza kwenye ofisi ya teritwari. Maneno yanayofuata ni kwa wale walio nazo.

Sasa nitawaeleza habari ya mzee mmoja, mwindaji tangu ujana wake. Tulikuwa tumekaa kwake jioni, tunakula bukari na sombe, akaniambia, “Mwanangu, bunduki yangu haikosi. Metri mia, kanga chini.”

Nikamjibu, “Baba, ninakubali. Lakini kesho unionyeshe hizo metri mia, nami nijifunze.”

Akacheka. Asubuhi akanipeleka mahali alipomwua kanga juma lililopita. Akasimama pale aliposimama siku ile, akanionyesha kichuguu ambacho kanga alikuwa mbele yake. Tukahesabu hatua kwa pamoja, yeye mbele mimi nyuma. Zilikuwa hatua 47. Na hatua ya mtu anayetembea katika nyasi haifiki metri moja, hasa hatua ya mzee. Kwa hiyo zile metri mia zilikuwa karibu metri 35.

Mzee hakuwa mwongo. Macho ndiyo yanayodanganya. Katika msitu wetu wa miombo miti inasimama mingi, jicho linahesabu mti, tena mti, tena mti, nalo linadhani njia ni ndefu. Wakati nyasi zimechomwa na nchi ni nyeusi na tupu, mambo yanageuka: kitu cha mbali kinaonekana kama kiko karibu. Ndiyo maana ninawaomba mpime. Chukueni kamba, mwombeni fundi cherehani metri yake, fungeni fundo kila metri 5 mpaka metri 25. Itandazeni mara mbili kwenye njia, mtakuwa na metri 50. Tembeeni juu yake mara kadha, kila mtu ajue hatua zake mwenyewe. Siku utakayofanya hivyo utashangaa jinsi metri 50 zilivyo mbali.

Nikamwomba mzee jambo la pili. Nilikata kipande cha katoni, nikachora duara kwa mdomo wa kikombe kidogo cha chai, upana wake santimetri 7. Huo ni kadiri ya mahali pa kufia katika kifua cha kanga au cha sungura. Risasi ikipita nje ya hapo, nyama anaweza kuondoka nayo. Tukapachika katoni juu ya kichuguu kile kile, tukahakikisha hakuna mtu nyuma, mzee akapiga mara tano kwa kusimama, kama ilivyo desturi yake. Tulipokwenda kutazama, tundu moja lilikuwa ndani ya duara. Matatu yalikuwa nje kidogo, upana wa vidole viwili au vitatu. La tano hatukuliona kabisa katika katoni.

Mzee alikaa kimya. Alitia kidole chake katika yale matundu ya nje, moja moja. Halafu akasema, “Wale kanga walioruka, nilifikiri nimewakosa tu.”

Sikumjibu neno, maana alikuwa amekwisha kuelewa. Risasi iliyo nje ya duara kwa vidole viwili haikukosa hewani. Imepita katika tumbo, au katika paja, au imevunja bawa. Kanga huruka akiwa na damu ndani, anashuka mbali katika nyasi, anakufa usiku. Siafu wanakula. Mwenye bunduki anarudi mkono mtupu, naye husema, “Leo sikupata.” Nami nimefanya hivyo. Sungura mmoja nilimpiga jioni, akarukaruka akaingia kichakani, nikasema nimemkosa. Siku ya tatu harufu ndiyo iliyonionyesha mahali alipo, hata hatua 30 hazikufika toka pale nilipopiga.

Basi swali la kweli si “Karabini inafika wapi?” Swali ni hili: “Kwa metri ngapi risasi zangu tano, zote tano, zinaingia katika duara la nyama ninayemtafuta, nikiwa katika hali ile ile ninayopigia porini?” Jibu la swali hilo ndilo mwendo wako. Si mwendo wa jirani, wala si wa bunduki.

Sasa tuone kwa nini risasi hazirudi katika tundu moja.

Sababu ya kwanza iko katika kartushi yenyewe. Kartushi hii ya 22 ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887, na umbo lake halikubadilika sana. Fataki yake haimo katikati ya kitako kama katika kartushi za bunduki kubwa. Imetandazwa ndani ya ukingo wake, na chuma cha bunduki hupiga ukingo huo. Fataki hiyo haikai sawasawa pande zote. Katika sanduku moja la bei nafuu kartushi hii inasukuma kwa nguvu, inayofuata kwa nguvu kidogo zaidi, nyingine kwa nguvu kidogo pungufu. Jicho halioni tofauti, lakini katoni inaiona. Karabini nzuri ya kuwindia, ikilazwa juu ya mfuko wa mchanga na mtu anayejua, kwa metri 50 hutia risasi tano katika santimetri 3 au 4. Hapo bunduki imefanya kazi yake vizuri, usidai zaidi. Kwa metri 25 nafasi hiyo hupungua nusu, na kwa metri 100 huwa mara mbili na kupita.

Wengine watasema, “Lakini katika michezo ya Olimpiki watu hupiga kwa 22 mahali padogo kabisa.” Ni kweli. Kwa metri 50 duara lao la alama 10 lina milimetri 10 na nusu, pungufu kidogo. Lakini bunduki zao ni nzito, makoti yao ni magumu kama ubao, kartushi zao zimechaguliwa, nao wamejizoeza kila siku miaka mingi. Tena katoni yao haina masikio, haiinui kichwa.

Sababu ya pili ni kuanguka kwa risasi. Watu wengi hufikiri risasi inakwenda kama uzi uliovutwa. Sivyo. Risasi ya 22 ni nyepesi, gramu 2 na nusu na kitu kidogo, nayo hutoka mdomoni kwa mwendo wa metri 330 mpaka 380 kwa sekunde moja, ambao ni karibu na mwendo wa sauti. Toka inapoacha mdomo wa bunduki inaanza kuanguka, kama jiwe lililotupwa. Kama umeirekebisha bunduki yako ili risasi ya mwendo mkali igonge penyewe kwa metri 50, basi kwa metri 25 itagonga juu kidogo, karibu santimetri 1 na nusu. Hiyo si kitu. Lakini kwa metri 75 itagonga chini kwa santimetri 7 hivi, na kwa metri 100 itakuwa imeshuka kadiri ya santimetri 20. Pimeni santimetri 20 kwa mkono: ni shubiri moja. Aliyelenga kifua cha kanga kwa metri 100 amepiga vumbi chini ya miguu yake. Naye akijaribu kulenga juu ya mgongo “kwa kukisia”, lazima ajue kwa hakika kama ni metri 75 au 100. Nasi tumeona jinsi macho yanavyohesabu metri.

Upepo nao una sehemu yake. Upepo wa kiangazi unaotikisa matawi madogo na kuinua vumbi njiani, ukija toka ubavuni, huisukuma risasi ya 22 santimetri 3 au 4 kwa metri 50, na kwa metri 100 santimetri 14 au 15. Kwa metri 25 karibu hauisumbui. Mnaona kila mara jambo ni lile lile: kwa metri 25 makosa yote ni madogo, kwa metri 50 yanaanza kuonekana, na kwa metri 100 yamekuwa makubwa kuliko nyama mwenyewe.

Tena risasi hii nyepesi hugeuzwa na kitu kidogo. Kijiti chenye unene wa penseli, au shina gumu la nyasi, vyatosha kuitoa njiani. Usipige kwa kupitia kichaka ukisema itapenya.

Lakini sababu kubwa kuliko zote ni mtu mwenyewe. Hapa nitasema zaidi, maana hapa ndipo mnaweza kupata faida bila kutoa franka hata moja.

Nilijipima mwenyewe kwa metri 50, risasi tano tano, siku isiyo na upepo. Nikiwa nimelala, bunduki juu ya mfuko wa mchanga, risasi zote zilikaa katika santimetri 4. Nikiwa nimekaa chini, viwiko juu ya magoti, zilikaa katika santimetri 8. Nikiwa nimesimama na bega kuegemea mti, santimetri 9. Nikiwa nimesimama wima bila kuegemea kitu, zilitawanyika santimetri 16, na hapo nilikuwa nimepumzika, nimekunywa maji, hakuna kanga mbele yangu wala moyo unaodunda. Bunduki ni ile ile, kartushi zimetoka katika sanduku moja, macho ni yale yale. Kilichobadilika ni makalio yangu tu, kama yako chini au hayako.

Kwa hesabu hiyo, nikisimama bila kuegemea, duara langu la santimetri 7 linanipasa kwa metri 20 hivi. Nikikaa chini, ninaweza kwenda mpaka metri 40. Kupita hapo sina ruhusa, hata kama kanga amesimama ananitazama. Ninyi pengine mtapata hesabu iliyo nzuri kuliko yangu. Wengi watapata iliyo mbaya, nao wasione haya.

Mzee yule tulimkalisha chini kwa hatua 25, mgongo wake ukiegemea mti. Risasi zake zote tano ziliingia katika duara. Tukarudi nyuma kidogo kidogo. Kwa hatua 40 moja ilitoka. Nikamwuliza macho yake yanaona nini. Akasema, “Kanga ninamwona vizuri. Ile alama ya mbele ya bunduki ndiyo imekuwa kama moshi.” Hayo huwapata watu wengi wakifika umri wake, jicho huona mbali, lakini kilicho karibu kina ukungu. Hakuna ubishi wala dawa ya mitishamba ya jambo hilo. Mtu apunguze metri. Mzee alichukua kaa la moto lililozimika akaandika 30 kwenye kitako cha bunduki yake, akasema wajukuu wake watakaoiazima wataandika zao chini yake.

Namna ya kubonyeza ulimi wa bunduki nayo inaharibu sana. Vijana huuvuta kwa ghafula, kama mtu anayekurupua panzi, na mdomo wa bunduki unakwenda upande. Bonyeza polepole, kama unavyobonya embe kujua limeiva. Toa pumzi nusu, shika zilizobaki, bonyeza. Kama pumzi imekuishia na bado hujapiga, acha, vuta hewa tena. Jicho likae juu ya alama ya mbele, si juu ya nyama. Na kama unaegemeza bunduki katika tawi au jiwe, weka mkono wako katikati, au kofia. Ukilaza chuma cha mtutu juu ya kitu kigumu, bunduki inaruka, risasi inakwenda juu.

Habari ya nyama wenyewe. Kanga na sungura nimewasema: kifua santimetri 7. Kwale ni mdogo, hesabuni santimetri 5. Njiwa hana zaidi ya 4, nami ninaona kartushi moja kwa njiwa mmoja ni hasara. Wanaojisifu kupiga kichwa cha kanga wafikiri: kichwa chake si kikubwa kuliko dole gumba, nacho hakitulii wakati anadonoa. Yeye akisimama na kuinua shingo, ndipo mahali pa kulenga ni kifua, pale bawa linapoanza. Sungura anayekimbia asipigwe kwa 22 hata kidogo. Piga mluzi mfupi. Mara nyingi atasimama kusikiliza, na hiyo ndiyo nafasi yako. Asiposimama, mwache aende.

Ndezi ni neno jingine. Najua anawatesa katika mahindi na miwa, na kila mtu anataka kumpiga. Lakini yeye hutoka gizani, na kichwa chake kinaonekana kidogo tu katika nyasi. Kupiga risasi usiku kwa taa ya mkono karibu na mashamba ya watu, mimi sikubali. Fyekeni nyasi kuzunguka shamba, upana wa metri 3 au 4, maana ndezi haipendi nchi tupu. Hilo linamzuia kuliko karabini.

Sasa lile jambo ninaloona haya kulisema, lakini nitalisema. Nilimwona kanga amesimama chini, metri 30 hivi, kwenye nchi ya mawe mekundu. Nilikuwa nimekaa chini vizuri, hesabu yangu ilikuwa sawa, upepo hakuna. Nikapiga. Kanga akaruka, nami nikasikia mlio kama nyuki mkubwa unaokwenda mbali. Risasi ilikuwa imegonga jiwe na kuruka. Mara nikasikia sauti za wanawake. Nyuma ya miti ile kulikuwa na njia ya wachoma makala, mimi sikuijua, maana ilikuwa mpya. Nilikimbia huku magoti yakitetemeka. Mama mmoja alikuwa amesimama na beseni lake mikononi, lina tundu ubavuni, unga unamwagika. Lilikuwa kichwani pake dakika ile. Alinitazama bila kusema neno. Beseni nililipa, na unga niliulipa, lakini mpaka leo nikikutana naye sokoni ninashindwa kuanza salamu.

Katika nchi yetu ya karieri pori halina ukimya tena. Mahali ambapo mwaka jana palikuwa miti tu, mwaka huu kuna wachimbaji wenye mahema, kuna akina mama wanaoosha mawe kijitoni, kuna watoto wanaouza maji. Risasi ya 22 iliyokosa nyama inaweza kwenda zaidi ya kilometri moja, na mwisho wa njia yake bado inaweza kumwua mtu. Kwa hiyo kabla ya kutazama kanga, tazama kilicho nyuma yake. Kichuguu kikubwa ni rafiki yako, ikiwa ni udongo usio na mawe na risasi inaupiga uso kwa uso, si kwa kuparaza ubavu. Kando ya mlima panafaa. Mawe, maji na chuma havifai, kwa maana risasi huruka juu yake. Na kanga aliyelala mtini jioni usimpige kwa karabini kamwe: nyuma yake kuna mbingu tu, nawe hujui risasi itashukia paa la nani. Kwa huyo ni kaliba 12 yenye vipande vidogo, au umwache mpaka ashuke asubuhi.

Mambo machache ya kutunza bunduki, maana bunduki iliyoharibika haina mwendo hata ukiijaribu mara mia. Mdomo wa mtutu ndio mahali dhaifu. Bunduki nyingi za vijijini nimeziona zimechakaa hapo, kwa kusimamishwa juu ya mawe na mdomo chini, au kwa kusafishwa toka mbele kwa waya wa chuma. Ukingo wa mdomo ukipata pengo hata dogo, risasi hutoka ikiwa imesukumwa upande. Safisha toka nyuma, kwa kitambaa na mafuta kidogo, si kila siku. Na kabla ya kutoka nyumbani ondoa kartushi zote, fungua bunduki, tazama mwanga ndani ya mtutu. Nyigu wa udongo hupenda kujenga humo wakati wa mvua, na mtutu ulioziba unaweza kumpasukia mtu usoni. Kartushi ikigoma kulia, shika bunduki ikielekea kichuguu, hesabu polepole mpaka 30, ndipo uitoe.

Nyama akipatikana, kateni mtupe sehemu iliyozunguka tundu. Risasi za namna hii ni madini laini, huacha vipande vidogo visivyoonekana, navyo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na kwa mama mwenye mimba.

Tena msichanganye masanduku. Kuna kartushi za mwendo mkali na za mwendo wa polepole, na umbo lao ni moja. Bunduki iliyorekebishwa kwa zile kali, ukitia za polepole, kwa metri 50 hugonga chini santimetri 2 au 3. Kwa kwale mwenye duara la santimetri 5 hiyo ni nusu ya nafasi yake yote. Kwa hiyo kila mara ukipata sanduku la namna nyingine, usiende nalo porini moja kwa moja. Toa kartushi kumi. Tano upige kwa metri 25, tano kwa hizo metri zako ulizoandika kwenye kitako, ukikaa kama unavyokaa ukiwinda. Kama matundu yametoka nje ya duara, futa namba ya zamani, andika nyingine.